Maisha ya Michael Faraday, Mwana wa Mhunzi

Muhula huu mhariri wa gazeti letu ametutaka tuandike habari za maisha ya watu mashuhuri waliokufa zamani. Wenzangu wengi wamewachagua wafalme na majemadari. Mimi nimemchagua mtu ambaye hakutawala nchi wala hakushika silaha. Jina lake ni Michael Faraday, Mwingereza, aliyefariki mwaka 1867. Nitaeleza kwanza sababu ya kumchagua, kisha nitayasimulia maisha yake.

Mwaka jana, nilipokuwa Kidato cha Tatu, tulifundishwa katika Kemia sura ya elektrolisisi. Humo mna kanuni mbili ziitwazo Kanuni za Faraday. Tulitakiwa kukokotoa uzito wa shaba inayojipachika juu ya elektrodi, endapo umeme wa kiasi fulani utapita kwa muda fulani. Sikuzipenda hesabu hizo hata kidogo. Katika jaribio nilipata alama 23 kwa mia, nikakusudia moyoni kuliacha somo hilo, kwa maana sikuona lingenisaidia nini maishani.

Ikafika likizo ya mwezi wa Juni, nikarudi nyumbani kijijini, wilaya ya Kyerwa. Nilimkuta Bibi amekonda mno. Alikuwa akinywa maji bila kukata kiu, na usiku akitoka nje mara tano au sita. Majirani walisema amerogwa. Baba alimpeleka kwenye zahanati moja, wakaambiwa kwamba mashine ya kupimia sukari ipo, ila vile vipande vyembamba vya kuwekea damu, viitwavyo stripu, vimekwisha. Wakarudi na vidonge vya kutuliza maumivu tu. Siku ya tatu Bibi akaanza kutotutambua. Tukampakia kwenye pikipiki, mimi nimekaa nyuma nikimshika asianguke, tukaenda hospitali.

Huko muuguzi alimchoma Bibi kidole, akagusisha tone la damu kwenye stripu iliyochomekwa katika mashine ndogo kama simu. Kabla sijahesabu kumi, namba ikatokea: 27. Muuguzi akatueleza kwamba mtu mzima wa afya, kabla ya kula, huwa na 4 hadi 6. Bibi akatundikiwa maji na kuchomwa dawa usiku kucha. Daktari alimwambia Baba kwamba kama tungechelewa usiku mmoja zaidi, tungerudi na maiti.

Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa Kemia: mashine ile imejuaje kiasi cha sukari katika tone dogo vile? Akanijibu kwamba mashine ile huhesabu umeme, na kwa kuhesabu umeme hujua wingi wa sukari. Hesabu yenyewe ni ile ile ya Faraday niliyoikimbia. Niliona haya. Nikaenda maktaba kutafuta habari za mtu huyu, na nilizozipata ndizo hizi.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba, 1791, mahali paitwapo Newington, ambapo siku hizi ni sehemu ya jiji la London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi. Jambo hili lilinigusa, kwa kuwa marehemu babu yangu naye alikuwa mhunzi wa majembe, na sisi watu wa Karagwe tunajua heshima ya kazi hiyo tangu enzi za Abakama wa Bweranyange, ambao vitu vya chuma vilikuwa miongoni mwa alama za ufalme wao. Lakini huko London uhunzi haukumpa James heshima wala mali. Alikuwa mgonjwa mara kwa mara, na watoto walikuwa wanne. Mwaka 1801 chakula kilikuwa ghali sana, na inasimuliwa kwamba kijana Michael alipewa mkate mmoja uwe chakula chake kwa juma zima.

Shule aliyosoma ilikuwa ya kujua kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Mwaka 1804, akiwa na miaka kumi na mitatu, alipata kazi ya kutumwa kwa mwuza vitabu mmoja aliyeitwa George Riebau. Alikuwa akipeleka magazeti nyumba kwa nyumba. Mwaka uliofuata Riebau akamchukua awe mwanagenzi wa kujalidi vitabu kwa miaka saba, bila kumdai ada.

Hapo ndipo mlango wake ulipofunguka. Vijana wenzake walivishona na kuvigundisha vitabu wakavipeleka kwa wenyewe. Faraday alivijalidi, tena akavisoma. Katika kitabu kikubwa cha maarifa alikuta makala juu ya umeme. Katika kitabu kingine, kilichoandikwa na mwanamke aitwaye Jane Marcet, alijifunza Kemia. Hakuridhika kusoma tu. Aliyajaribu aliyoyasoma kwa vyombo vya bei ndogo. Mwaka 1812 alitengeneza betri yake mwenyewe kwa kupanga senti za shaba na vipande vya zinki, akaweka katikati karatasi zilizoloweshwa maji ya chumvi.

Baba yake alikuwa amekwisha kufa mwaka 1810. Kaka yake Robert, mhunzi naye, alimpa shilingi za kuingilia kwenye mihadhara ya sayansi jioni, maana kila mhadhara ulikuwa shilingi moja. Naomba wasomaji mumkumbuke Robert huyu. Jina lake halimo katika vitabu vyetu vya Kemia, walakini shilingi zake zimo.

Mwaka huo wa 1812 mteja mmoja wa duka alimpa Faraday tiketi za kumsikiliza Humphry Davy, mwanakemia mkubwa wa siku hizo, katika nyumba ya elimu iitwayo Royal Institution. Faraday alihudhuria mihadhara minne. Aliandika yote aliyoyasikia, akachora vyombo alivyoviona, akayajalidi maandishi hayo kwa mikono yake kuwa kitabu, akampelekea Davy mwenyewe pamoja na barua ya kuomba kazi. Davy alipendezwa, ila nafasi haikuwapo. Miezi michache baadaye msaidizi mmoja akafukuzwa kwa ajili ya ugomvi, na tarehe 1 Machi, 1813, Faraday akaajiriwa mahali pake. Mshahara ulikuwa shilingi 25 kwa juma, na vyumba viwili vya kulala juu ya jengo, pamoja na kuni na mishumaa.

Mwaka huo huo Davy alimchukua katika safari ya Ulaya iliyodumu mwaka mmoja na nusu. Faraday aliwaona wataalamu wakuu, akiwemo Volta wa Italia, aliyebuni betri ya kwanza. Lakini safari ilikuwa na uchungu wake. Mke wa Davy alimtendea kama mtumishi wa nyumbani. Alivumilia, akajifunza yote aliyoweza, akarudi London mwaka 1815 akaendelea na kazi.

Mwaka 1821 alimwoa Sarah Barnard. Walipendana mpaka mwisho, ila hawakujaliwa watoto. Mwaka huo huo alifaulu kuufanya waya wenye umeme uizunguke sumaku, na huo ndio mwanzo wa mota. Tarehe 29 Agosti, 1831, aligundua namna ya kuzalisha umeme kwa kutumia sumaku. Kila jenereta unayoiona hufuata jambo hilo. Hata katika mkoa wetu wa Kagera, mitambo inayozungushwa na maji ya mto Kagera katika maporomoko ya Rusumo, wilaya ya Ngara, hufanya kazi kwa ugunduzi huo. Hayo yanajulikana na wengi, nami sitayarefusha. Nataka kusimulia kazi zake mbili nyingine, kwa kuwa hizo ndizo zilizomfikia Bibi.

Kazi ya kwanza ni ile ya miaka ya 1833 na 1834. Watu walikuwa wamekwisha kujua kwamba umeme ukipita katika maji yenye chumvi huyachambua mambo yaliyomo. Hakuna aliyejua kwa hakika kipimo chake. Faraday alipima, akapima tena, kwa vyombo vikubwa na vidogo, kwa umeme mkali na hafifu. Akaona kwamba wingi wa kitu kinachogeuzwa hulingana sawasawa na wingi wa umeme uliopita. Ukizidisha umeme mara mbili, kitu nacho huongezeka mara mbili. Kwa msaada wa wasomi, akiwemo William Whewell, akapata pia maneno mapya ya kuelezea kazi hiyo: elektrodi, anodi, kathodi, elektroliti, ioni. Ndiyo maneno yale yale tunayoyaandika katika madaftari yetu.

Sasa itazame stripu ya sukari. Ndani yake mna elektrodi nyembamba sana, na juu yake pamepakwa kimeng'enya. Kimeng'enya hicho huishika sukari ya damu peke yake, huacha mengine yote, nacho huinyang'anya elektroni. Elektroni hizo hupokewa na kemikali nyingine, ambayo huzipeleka mpaka kwenye elektrodi, na hapo umeme hupita. Sukari ikiwa nyingi, umeme huwa mwingi. Sukari ikiwa kidogo, umeme huwa kidogo. Mashine husoma umeme, nasi husoma namba. Chombo cha namna hii huitwa kihisi cha kibiolojia, na wazo la kukitengeneza kwa ajili ya sukari lilitolewa na Leland Clark na mwenzake Champ Lyons huko Marekani mwaka 1962, yaani miaka 95 baada ya Faraday kufa. Faraday mwenyewe hakujua elektroni ni nini, maana iligunduliwa mwaka 1897. Lakini kipimo chake kilikuwa cha kweli, na cha kweli hakiozi.

Kazi ya pili ilikuwa juu ya dhahabu. Sisi tulio karibu na Geita twajua kwamba dhahabu ni ya manjano. Faraday, akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya sitini, alitaka kujua dhahabu huuchezeaje mwanga inapokuwa nyembamba mno au ndogo mno. Alichukua maji yenye chumvi ya dhahabu, akayatia fosforasi iliyoyeyushwa katika kimiminika kingine. Maji yakageuka mekundu kama kito cha yakuti. Alipopitisha mwali wa mwanga ndani yake, njia ya mwali ilionekana wazi, kama jua linavyoonekana likipenya katika moshi wa jikoni. Kwa hiyo akatambua kwamba wekundu ule ni dhahabu yenyewe, iliyogawanyika kuwa chembe ndogo sana ambazo hazionekani kwa darubini yake. Alipotia chumvi kidogo, wekundu ukageuka buluu. Aliyatangaza haya mbele ya wataalamu wa Royal Society mwezi wa Februari, 1857. Baadhi ya chupa zake zimehifadhiwa London mpaka leo, na maji yake yangali na rangi.

Siku hizi chembe za namna hiyo huitwa chembe za nano. Nanomita moja ni mita iliyogawanywa mara milioni elfu. Mtu anaweza kuuliza: kuigawa dhahabu vidogo hivyo kunafaa nini? Nijibu kwa hesabu, kwa kuwa sasa siziogopi tena. Chukua kipande cha mraba chenye sentimita moja kila upande. Nyuso zake sita zina jumla ya sentimita za mraba 6, eneo dogo kuliko kiganja. Kigawe kiwe vipande vya milimita moja moja, na nyuso zote pamoja zitakuwa sentimita za mraba 60. Kigawe mpaka kila kipande kiwe nanomita moja, na jumla ya nyuso itafika mita za mraba 6,000, karibu na uwanja wetu wa mpira. Kitu ni kile kile, uzito ni ule ule, lakini mahali pa kushikia pamekuwa pengi ajabu. Ni kama ndizi: ukiikatakata, huiva upesi kuliko nzima, kwa kuwa moto hupata pengi pa kugusa.

Basi wataalamu wa leo huzitandaza chembe za dhahabu, au nyuzi nyembamba sana za kaboni, juu ya elektrodi. Vimeng'enya vingi zaidi hupata pa kukaa, na elektroni hupita kwa urahisi, na hivyo kihisi huweza kutambua kitu hata kikiwa haba mno. Kwa njia hiyo wanatafuta kuitambua sumukuvu katika mahindi na karanga, zebaki katika maji, na dalili za magonjwa kabla mtu hajazidiwa. Ndipo kazi mbili za Faraday, ya umeme na ya dhahabu, zinapokutana katika chombo kimoja. Yeye mwenyewe alizifanya kwa kutenganisha, na zaidi ya miaka ishirini ilipita kati yake.

Tena kuna jambo ambalo kila mmoja wetu amelishika mkononi bila kujua. Kipimo cha haraka cha malaria hakitumii umeme, husomwa kwa macho. Lakini ule mstari mwekundu unaotokea, katika vipimo vingi, ni dhahabu. Chembe zake zimeunganishwa na kingamwili, na damu ikiwa na malaria chembe hizo hunaswa zikajipanga mstari. Wekundu tunaouogopa tukiwa kwenye foleni ya zahanati ni wekundu ule ule alioutazama Faraday katika chupa yake.

Wala nano si mambo ya Ulaya peke yake. Mtanzania mwenzetu, Dakta Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela huko Arusha, alitengeneza chujio la maji linalotumia vitu vya nano, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi. Kwa nini basi asitoke mtu Karagwe au Kyerwa wa kutengeneza kihisi kitakachoutambua mnyauko wa migomba kabla majani hayajageuka? Kila mzazi anayesoma gazeti hili anajua hasara ya ugonjwa huo.

Nimalize habari za Faraday mwenyewe. Alikuwa mtu wa dini na mnyenyekevu. Aliombwa kuwa Rais wa Royal Society, akakataa. Aliondokea kuwa mtu mashuhuri, lakini hakutaka kuitwa kwa cheo cha ukabaila. Alipenda kuwafundisha vijana, na mihadhara ya Krismasi kwa ajili ya watoto aliiendesha mara 19. Kila alilolijaribu aliliandika, nayo majaribio yaliyofaulu, nayo yaliyoshindikana, hata aya za daftari zake zikapita 16,000. Udhaifu wake ulikuwa hesabu za juu, ambazo hakupata kufundishwa. Baadaye mtaalamu mwingine, James Clerk Maxwell, ndiye aliyeyaweka mawazo yake katika hesabu. Wenzangu wasichukue hilo kuwa ruhusa ya kuzikimbia hesabu. Sisi tumepewa walimu ambao yeye hakuwapata.

Alipozeeka kumbukumbu zake zilipungua sana. Malkia Victoria alimpa nyumba ya kukaa huko Hampton Court, na humo akafariki tarehe 25 Agosti, 1867, akiwa ameketi kitini. Alikuwa amekataa kuzikwa pamoja na wakuu wa nchi yake. Alizikwa Highgate, London, na juu ya kaburi pakaandikwa jina na tarehe tu.

Likizo iliyopita nilimsimulia Bibi habari hizi. Siku hizi anaendelea vizuri, anakunywa dawa zake, na Baba huweka kando fedha kidogo ya kahawa kwa ajili ya stripu, ambazo si rahisi. Bibi alisikiliza kwa makini, akafurahi kusikia kwamba mtu yule alikuwa mwana wa mhunzi kama mumewe. Kisha akaniuliza aliacha watoto wangapi. Nikamwambia hakuacha hata mmoja. Bibi alimwonea huruma. Akakaa kimya kidogo, halafu akaninyoshea kidole nimpime.

Wenzangu, huenda nawe una somo ambalo huoni faida yake. Nakusihi usiliache upesi. Yule aliyeyatazama maji mekundu katika chupa hakujua kwamba siku moja yatasoma malaria katika vijiji vya Kyerwa. Alitaka tu kujua ukweli, akaupima kwa subira, akauandika vizuri ili mwingine aupate. Mimi sijaliacha somo la Kemia. Katika jaribio la mwisho nilipata 58, na nia yangu ni kupanda zaidi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.



Mwanafunzi wa Kidato cha Nne